Jiko Limegoma na Mama Mkwe Yupo

Hivi nani aliyewatangazia watu kwamba Tanzania ni nchi ya joto? Namtafuta. Sina ugomvi naye. Nataka tu aje Laela mwezi wa saba, aamke saa kumi na moja alfajiri, anawe uso kwa maji ya ndoo iliyolala nje, halafu airudie kauli yake. Kama mdomo utafunguka.

Mimi ni mtoto wa Temeke, jamani. Nimezaliwa kwenye jasho, nimelelewa na feni. Sweta nililijua shule ya msingi tu, tena tulikuwa tunalifunga kiunoni. Sasa nimeoa Mfipa. Mwanamke mzuri, sina neno naye, lakini siku ya kunisimulia habari za kwao alisema kuna kaubaridi kidogo. Kaubaridi! Tena kidogo! Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa imekaa juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi kule Sumbawanga inapita 2,000. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita. Piga hesabu mwenyewe. Mtu wa Temeke akishuka stendi ya Laela ameshapoteza nyuzi karibu kumi, na begi bado liko kwenye buti la basi. Upepo nao unakuja umenyooka, hauna pa kujikwaa, unapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, unaingia kwenye mguu wa suruali, unatokea kwenye kola.

Hata chai huku naidai. Maji yanatokota kabla hayajapata moto sawasawa. Kwenye mita 1,600 hivi yanachemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Aliyeniambia ni mwalimu wa fizikia, mteja wangu wa kubadilisha kioo. Nikamwambia huo ni wizi, nani amekula hizo nyuzi tano? Akacheka sana. Akaondoka bila kumalizia hela ya kioo.

Ndiyo, mimi fundi simu. Nina kimeza changu pale stendi, na glopu, na kile kibrashi cha kusugulia. Simu ikija imezima nawaambia ni chaji sistimu. Ikija inawaka lakini haishiki mtandao, chaji sistimu. Watu wanaridhika. Fundi akitaja kitu kwa sauti nzito mteja analegea, anaacha simu, anaondoka. Kazi haina tatizo. Tatizo langu liko nyumbani na linaitwa jiko.

Nililinunua sokoni. Jiko banifu la mkaa. Bati nje, udongo ndani, matundu katikati, na kamlango kadogo chini kwa mbele. Muuzaji aliniapia, akapiga kifua, kwamba jiko hili linapasha nyumba nzima. Nyumba yangu mimi ni chumba na sebule. Kwa hesabu hiyo nilitegemea joto libaki, nimgawie na jirani.

Basi mwezi wa sita mama mkwe akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwona mjukuu. Mama mkwe ni mzaliwa wa huku juu ila aliolewa bondeni, kule Ziwa Rukwa, mita 800 hivi, joto lake mtu wa Temeke anajisikia yupo kwao. Kakaa huko miaka mingi mpaka baridi ya ujana wake imemtoka mwilini. Akashuka kwenye gari kajifunika vitenge, kimoja juu ya kingine, uso hauonekani. Nikamwamkia, shikamoo mama. Vitenge vikajibu marahaba.

Nikamkaribisha sebuleni kwa mbwembwe. Kaa hapa mama, karibu na jiko, sasa hivi unaanza kutoa nguo moja moja. Kauli hiyo nilitamani kuimeza kabla haijamaliza kutoka. Unawezaje kumwambia mama mkwe ataanza kutoa nguo? Mke wangu akatazama pembeni.

Nikawasha. Mafuta ya taa kidogo, njiti, moto ukaruka juu kwa furaha. Ukadumu muda wa mtu kusema karibuni. Ukashuka. Ukabaki moshi. Nikapepea kwa kipande cha boksi, vipande vitatu vinne vya juu vikawa vyekundu, nikasimamisha mkono, vikarudi vyeusi. Nikapepea tena, vikawa vyekundu. Nikapumzika, vyeusi. Jiko lilikuwa linawaka kwa mshahara wa mkono wangu. Mama mkwe kanyoosha viganja juu yake kwa adabu, kasubiri, kasubiri, halafu akavirudisha ndani ya kitenge taratibu, asinivunje moyo. Baadaye akachukua kipande cha mkaa kwa vidole vitupu, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha. Kwa vidole! Hakusema hata aa! Akaniuliza, baba, hili umeliwasha au bado?

Wewe mwenzangu ungejibu nini?

Kesho yake nikapeleka kesi stendi, pamoja na kiroba cha mkaa. Stendi ya Laela kila mtu ni fundi wa kitu ambacho hakimhusu. Kijana wa bodaboda akasema mkaa wako umenyonya maji. Eti mkaa ni kitu cha kunyonya, ukiuacha nje ukungu ukaupitia, moto unafanya kwanza kazi ya kukausha maji ndipo ufikirie kukupasha wewe. Na mimi kiroba changu kinalala nje, ukutani, kwenye umande, kwa sababu ndani kinachafua. Sasa nani anaingiza mkaa ndani? Ni mgeni?

Mama wa chapati akasema hapana, umeuziwa mkaa wa miti laini. Mkaa wa miti ya miombo ni mzito, ukigonganisha vipande viwili vinalia, na moto wake unakaa. Mkaa wa mpaina mwepesi, unawaka haraka na unaisha haraka. Akavigonga vya kwangu. Havikulia. Halafu akaingiza mkono kwenye kiroba mpaka chini, akatoa kiganja cheusi. Baba Jeni, huku kote chenga tupu. Hizi chenga zinaziba matundu. Ndiyo maana uliuziwa bei ya kuridhika.

Wakati huo mteja mmoja yuko pale, yule ambaye simu yake nimekaa nayo tangu mahindi yakiwa hayajatoa mbelewele. Akaja, akainama, akatazama picha ya jiko niliyokuwa nawaonyesha watu. Akakunja uso. Akasema kwa sauti nzito, fundi, hii nadhani itakuwa chaji sistimu.

Stendi nzima ilicheka. Kondakta aliyekuwa anaita abiria wa Tunduma alisahau kuita, gari likaondoka na viti vitupu.

Nikaona isiwe tabu, nitumie akili yangu mwenyewe. Nilikaa nikafikiri kisayansi. Jiko lina moto, kidogo lakini upo. Chumba hakina joto. Maana yake joto linavuja, si ndivyo? Na linavujia wapi? Nikatazama jiko. Kale kamlango ka chini kako wazi! Siku zote kako wazi, joto linatoka pale mchana kweupe. Nikakafunga. Kakawa hakabani vizuri, nikapaka udongo pembeni. Majivu ya ndani nikayaacha, mtu gani mwenye akili anamwaga majivu ya moto na baridi yote hii? Nikahamia kwenye nyumba. Madirisha nikayaziba kwa viroba. Chini ya mlango nikasokota blanketi kuukuu. Tundu la juu ukutani, lile mafundi ujenzi wanaloacha sijui kwa uvivu, nikalijaza magazeti. Nikasimama katikati ya sebule nikajipongeza. Hata mbu akitaka kutoka aombe ruhusa.

Jiko likafa kabisa. Wekundu kidogo kwa ndani, basi. Lakini sasa likaanza jambo jingine. Kichwa kikaniuma. Nikadhani ni stresi ya mama mkwe. Mke wangu naye kichwa. Mtoto halali, halii, yupo yupo tu kalegea. Mama mkwe akasema anasikia kichefuchefu, miguu haina nguvu, akaomba atoke nje akapunge upepo. Upepo huo huo aliokuwa anaukimbia! Sote tukatoka nyuma yake, tukakaa kwenye gogo barazani tunatetemeka, na baada ya muda vichwa vikaanza kuachia. Mke wangu akasema ni dagaa wa mchana. Mimi nikawa nimeshamfikiria jirani mmoja hivi. Laela si mbali na Sumbawanga, na sisi watu wa pwani tumesikia mengi kuhusu uchawi wa Sumbawanga, mwingine hata radi ikipiga Kigamboni anaisingizia Rukwa.

Asubuhi tukampeleka mtoto zahanati. Nesi akamsikiliza kifua, akamwona yuko freshi. Akauliza, nyumbani mnaota moto na nini? Nikajibu kwa fahari, jiko banifu. Mmeliweka wapi? Sebuleni. Madirisha? Nikamweleza kazi yangu ya viroba, hatua kwa hatua, mpaka yale magazeti. Nilitegemea sifa. Yule dada aliweka kalamu chini, akanitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia benki.

Ndipo nikapewa somo, mbele ya foleni. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali pa oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, unalegea, usingizi unakuja mtamu. Wengine hawaamki. Na mkaa usiotoa moshi, ule mwekundu mzuri ambao mtu anasema sasa umekolea tuuingize ndani, nao unaitoa vilevile. Mzee mmoja kwenye foleni akaguna, akasema hawa watu wa Dar. Sikuwa nimesema natoka Dar. Inaonekana ilijulikana.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikamkuta babu.

Huyu babu ni mdogo wake babu yake mke wangu. Kwa hiyo ni mtani wangu, na ananiita mwizi kwa sababu nimemchukulia mke wake. Ana kofia ya mzula, koti la jeshi la nchi nisiyoijua, na fimbo. Alikuwa amekaa sebuleni na mama mkwe, viroba vyote vimeshang'olewa dirishani, na jiko langu liko mbele yao, kamlango kametazama juu. Akasema, mwizi, njoo ukae. Nikakaa chini. Hakuna aliyeniambia nikae chini, miguu ilijua yenyewe.

Akaanza. Unajua hapa ulipo ni wapi? Nikasema Laela. Akasema hapa ni Ufipa. Babu zetu hapa waliyeyusha chuma. Mawe! Waliyachukua mawe mekundu wakayageuza jembe, shoka, mkuki. Walijenga tanuru la udongo wa kichuguu, refu kukupita, mita 3 hivi, linaitwa ilungu, yakiwa mengi malungu. Wanapanga ndani mkaa na mawe, mkaa na mawe, mpaka juu. Na unajua mvukuto waliupulizia wapi? Nikasema chini. Akapiga fimbo sakafuni. Hapakuwa na mvukuto! Hakuna mtu aliyepepea! Chini kuzunguka tanuru waliacha matundu, wakaweka mabomba ya udongo, wakakaa pembeni. Hewa ya moto inapanda juu, inaondoka, hewa ya baridi inavutwa chini iingie kushika nafasi. Tanuru likiwa refu linavuta zaidi. Linajipulizia lenyewe, usiku na mchana, siku kadhaa. Kile chuma kikitoka bado kina takataka, wanakipeleka kwenye tanuru dogo, kintengwe, huko ndiko mvukuto unafanya kazi.

Akanyamaza, akanitazama. Baridi hii hii unayoililia wewe ndiyo waliyoiita iingie. Wewe umeipakia udongo mlangoni.

Nilidhani ananipiga kamba, maana babu ana historia ya kunipiga kamba, aliwahi kuniambia mahari ya huku inalipwa kila mwaka. Baadaye nikamuuliza mwalimu wa historia pale stendi, akanimaliza kabisa. Akasema hayo yameandikwa siku nyingi. Kuna padre aitwaye Wyckaert aliandika habari za wahunzi wa huku mwaka 1914, na mwaka 1937 mtu mmoja, Greig, akachapisha makala kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mabaki ya malungu mengine bado yamesimama porini. Watu wanatoka vyuo vikuu vya nje kuja kuyapima. Na mimi ninayeishi hapa hapa nimeshindwa kupasha viganja vya bibi mmoja.

Lakini babu hakuwa amemaliza. Akashusha sauti kidogo, ila siyo ya kutosha. Akasema, tena wale wayeyushaji walikuwa na miiko. Chuma kikiwa tanuruni mtu hamgusi mkewe. Akanigeukia, mama mkwe yuko hapo, kitenge kimefika puani, akaniuliza, sasa wewe mwizi, wiki hii jiko limegoma, ulitunza mwiko?

Mama mkwe akaanza kuchunguza dari. Mke wangu akakumbuka ghafla kuna nguo za kuanua, wakati hatukuwa tumefua. Mimi nikakohoa. Nilikohoa mpaka nikaona aibu ya kukohoa.

Akalichukua jiko nje. Akabandua udongo wangu kwa ncha ya fimbo. Akamwaga majivu, yalikuwa mengi mpaka kuku wakakimbia. Akazibua matundu moja moja kwa kijiti. Akachagua vipande vikubwa vikavu, chenga akazirusha pembeni kwa dharau, akavipanga vimeachana kidogo, siyo kama mimi ninavyoshindilia kiporo kwenye kontena. Akakaweka kamlango wazi, kameelekea upepo unakotoka. Akawasha kwa karatasi na vijiti, mafuta ya taa akayakataa. Akakaa kwenye gogo akaanza kuongea mambo mengine kabisa, bei ya mahindi. Hakupepea hata mara moja. Jiko likaanza kunguruma lenyewe, jekundu mpaka katikati, bati likawa halishikiki. Najua halishikiki kwa sababu nilishika.

Sasa mimi nauliza swali moja tu, na babu hajanijibu mpaka leo. Kama kamlango hakatakiwi kufungwa, kwa nini waliweka mlango? Wangeacha tundu! Mama wa chapati anasema ni wa kupunguzia moto, ukitaka kuchemsha maharage polepole unausogeza nusu. Mbona muuzaji hakusema? Alipiga kifua tu. Mimi nikifungua simu ya mtu namwonyesha kila kitu, hiki IC, hiki betri, hii chaji sistimu.

Mama mkwe alikaa barazani, mbele ya jiko, juani, akatoa kitenge kimoja. Halafu cha pili. Hatimaye nikauona uso wake. Akanishukuru sana. Kumbe alikuwa anamshukuru babu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

Amesharudi bondeni. Ameondoka na jiko, anasema kwake litamfaa kupikia kambale, na huku kwangu ni hatari kuliacha na mimi. Mke wangu alimfungia vizuri kwenye kiroba, kimoja kati ya vile vya dirishani. Mkaa mzuri aliouchagua babu nao ukapanda gari. Mimi nimebakiziwa zile chenga.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na huku kwenu kuna baridi, Makete, Njombe, Mbeya, Laela, ota moto nje au jikoni penye dirisha wazi, na ukienda kulala jiko libaki nje, hata kama limekolea namna gani. Mimi sasa nalala na blanketi mbili na soksi. Ukiwa na sweta la mtumba saizi ya mtu mwenye tumbo, nitafute stendi, uliza fundi simu. Tutapunguziana kwenye kioo.